Friji mpya, stika ya A+++: mpaka lini tutauziwa lebo iliyofutwa 2021?

Wakuu, hili limezidi. Bado kuna friji mpya madukani zimebandikwa A+++, na muuzaji anaapa kabisa kwamba "hii haili umeme". Ulaya wenyewe waliifuta skeli hiyo kwenye friji tarehe 1 Machi 2021! Sasa ni A hadi G, hakuna plasi, na friji nyingi zilizokuwa A+++ ziliangukia C, D, hata E. Lebo mpya ina msimbo wa QR unaofungua EPREL, hifadhidata ya Ulaya ya bidhaa zenye lebo hiyo. Iskani kwa simu, linganisha namba ya modeli na iliyoko kwenye kibandiko cha nyuma ya friji. Zikipishana, hiyo stika ni pambo.

Hata lebo halali ina mtego. Ya zamani ilipimwa kwenye nyuzi 25. Mpya inachukua wastani wa vipimo vya nyuzi 16 na 32. Jiko gani la Dar au Tanga lina nyuzi 16 mwezi Februari? Joto likipanda kompresa haipumziki, kwa hiyo ile "kWh 200 kwa mwaka", yaani uniti 0.55 kwa siku, usitegemee kuiona kwenye LUKU. Aliye D1, tarifa ya TANESCO ya watumiaji wadogo, ana uniti 75 kwa mwezi. Friji ya uniti 1.5 kwa siku inameza 45 peke yake.

Herufi ya maana wauzaji hawaitaji: daraja la hali ya hewa. N inaishia joto la chumba la nyuzi 32, ST 38, T 43. Wa pwani, chukua T.

Halafu lile jani la kijani, "rafiki wa mazingira", juu ya friji yenye gesi ya kupoozea ya R134a! Gramu 100 za gesi hiyo zikivuja ni sawa na kilo 143 za kaboni dioksaidi. Gesi ya R600a ndiyo yenye nafuu kwa mazingira, ila inawaka, na kuna mafundi wanaijazia friji yake R134a eti "gesi ni gesi". Mota ya kompresa ya R600a haikuundwa kubeba mzigo huo, na oili nayo haipatani. Inaungua, lawama anapewa TANESCO.

Anayebisha achomeke mita ya soketi kwa saa 48, mlango ukifunguliwa kama kawaida. Dakika kumi hazitoshi, hita ya kuyeyusha barafu huwaka kwa zamu. Na msizidishe wati za kibandiko mara 24, kompresa huwaka na kuzima.