YULE MTU AKISAJILIWA KWETU MIE NAHAMIA NETIBOLI

Mwana_Kikwajuni
Assalaam alaykum, sitaki maneno mengi, nna hasira mpaka simu yatetemeka mkononi. Kumtaja sina haja, mnamjua nyote, yule yule wa kiatu hichi chekundu hichi cheupe, anaetembea kama kiwanja kaachiwa urithi na babu yake. Nasikia viongozi wa timu yetu ya basketi wameshakaa kikao, wanataka kutoa vijana wawili, yule mdogo anaechezesha na yule mrefu ambae ndo kwanza anajifunza kuruka, ili tupewe yeye. Wawili kwa mmoja yakhe! Darajani penyewe samaki hubadilishiwi hivo.

Jana wakamleta acheze upande wetu mechi ya kirafiki pale kiwanja cha Mao, ati tumuone. Haya tumemuona. Sisemi hajui, anajua, kaweka pointi 31, na ile ya kuupitisha mpira kati ya miguu akakuhadaa kulia akatokea kushoto, beki wao mmoja alikaa chini kabisa kama anasubiri daladala ya Bububu. Sasa sikilizeni.

Zimebaki sekunde 9, tuko nyuma kwa mbili. Kapokea mpira pembeni pale tulipokaa sie, mie nimeshika bakuli langu la urojo, ndo kwanza nimeletewa, hata kijiko sijatia. Karusha. Pointi tatu! Umeingia haukugusa hata chuma. Tunaongoza kwa moja, watu wote wima, mzee mmoja mbele yangu kavua kofia kairusha juu. Na yeye badala ya kurudi kukaba kageuka kwetu, kwetu SISI tunaomshangilia, kaweka kidole mdomoni, shhh. Halafu kainama kachukua kachori kwenye bakuli langu. KACHORI. Wenziwe wanampigia kelele rudi rudi, yeye anatafuna ananiangalia, na nyuma yake yule mpinzani ambae yeye ndo alitakiwa amkabe anapita peke yake kama barabara ya uwanja wa ndege usiku wa manane, kaenda kauweka kikapuni taratiiibu. Firimbi. Tumefungwa kwa moja.

Kwanza mpaka sasa sijui alokuwa akinyamazishwa nani. Mie nlikuwa nataja jina lake! Pili vidole vile vilikuwa na jasho la robo nne, vimezama kwenye urojo mpaka kwenye kiazi. Tatu kachori yenyewe ilikuwa moja, huwa naila mwisho, toka mdogo naila mwisho.

Kukaba hakabi, mtu akija anampungia mkono pita, kama trafiki wa Michenzani. Fri thro, mitupo ya bure, kapata kumi katia tatu. Mazoezini nasikia huja wenziwe wanapokunja jezi. Viongozi ati kipaji chataka subira. Subira huvuta heri, hii yetu imevuta kachori. Akisajiliwa mie sipo, nakwenda kushangilia netiboli, kule angalau mtu haruhusiwi kutembea na mpira sembuse na chakula cha watu.

Baharia_77
Pole sana ndugu yangu. Ilikuwa na chatne au kavu?

Danki_la_Mtoni
Uzi mzima wa basketi lakini nusu yake kachori 😂😂 mie nlidhani kakutukania mama

Mwana_Kikwajuni
@Danki_la_Mtoni kwa sababu haikuwa yako. Angekutukania mama ungesamehe, mama yupo nyumbani. Kachori iko wapi?

ChicagoYaNgambo
Mtoa mada tuliza moyo. Chicago Bulls kule NBA, ligi ya basketi ya Marekani, mwaka 1995 walimchukua Rodman, mtu ana nywele rangi ya kasuku, San Antonio wakapewa Will Perdue. Msimu ule ule wakashinda mechi 72 kati ya 82 na vikombe vitatu mfululizo, 96, 97, 98. Rodman huyo huyo 97 alimpiga teke mpiga picha kiwanjani akafungiwa mechi 11, na bado kikombe kikaja. Wewe umeliwa kiazi unataka tuvunje usajili?

Mwana_Kikwajuni
Rodman alikuwa AKIKABA. Alikuwa anarukia ribaundi, mipira iliyokosa kikapu, sio bakuli. Na pale pana nyota wao Jordan na Pippen wa kumwambia we kijana kaa kitako. Sie nani atamwambia, yule katibu anaemwita "mheshimiwa"?

Bi_Michenzani
Mie namuunga mkono mtoa mada kidogo. Lakers wa NBA hiyo hiyo 2021 walimbeba Westbrook kwa jina, wakatoa Kuzma na Caldwell-Pope na Harrell, tena na haki ya kuchagua chipukizi juu yake. Msimu ukaisha wameshinda 33 wamefungwa 49, mtoano waliuona kwenye tivii kama mie. Kipaji alikuwa nacho, hamna anaekataa, lakini ukishatoa watu wa kukaba ukaleta mtu anaetaka mpira yeye tu, mpira wenyewe mmoja! Mwenzenu nna wanaume watatu ndani na rimoti moja najua ninachokisema.

Filimbi_Kavu
Mtoa mada sahihisha kidogo. Dakika mbili za mwisho za robo ya nne kikapu kikiingia saa husimama, haitembei mpaka mpira uguswe ndani ya kiwanja. Kwa hiyo muda wa kurudi alikuwa nao.

Mwana_Kikwajuni
AHSANTE. Yaani saa imesimama, dunia nzima imesimama inamsubiri yeye ameze. Umezidi kunitia uchungu wallahi.

Baharia_77
Kwani weye bakuli ulilishikaje mpaka likafikika? Mtu unakaa mstari wa mbele na urojo wazi wazi. Hiyo ni faulo ya mlinzi 😂

Danki_la_Mtoni
Hakukaba beki, hakukaba shabiki. Timu nzima hatukabi

Dogo_wa_Amaani
Mnakumbuka 2009 kule NBA kwenye kuchagua chipukizi Memphis walimchukua Hasheem Thabeet namba 2 kwa sababu ya urefu, wakawaacha Harden alietoka namba 3 na Curry namba 7, nyota wote wawili. Ndo mjue tukimtoa yule mrefu wetu si hasara, urefu sio basketi

Mzee_wa_Ribaundi
@Dogo_wa_Amaani usimtie Hasheem kwenye mambo ya kachori. Mtanzania wa kwanza kufika kule, sie usiku tulikuwa hatulali tukitafuta matokeo. Wewe ulikuwa hata kunyoa hujaanza.

Dogo_wa_Amaani
Simsemi vibaya mzee, nasema mchukuaji ndo hakuangalia vizuri

Mzee_wa_Ribaundi
Basi sema mchukuaji. Siku hizi vijana hamsemi na watu vizuri.

Mkoani_Kwetu
Nyie wa Unguja mna raha nyie. Mtu kalia kachori kajibiwa na watu kumi. Sie Pemba tukitaka mechi na nyie tupande boti usiku kucha, safari ya mwisho mchezeshaji wetu katapika toka Nungwi, kafika kiwanjani rangi ya mchicha, mkatufunga pointi 40 mkapiga na picha. Hakuna alofungua uzi.

Bi_Michenzani
Ulikuwa ufungue weye, simu si unayo

Mkoani_Kwetu
Simu ilitumbukia baharini siku hiyo hiyo

ChicagoYaNgambo
😂😂😂 pole ami. Ila tangawizi mbichi, atafune kabla ya kupanda

Jezi_Namba_4
Sie mtaani kwetu hata hizo 40 hatufungwi maana chuma kimoja kimelala kama sikio la mbuzi, ukirusha tatu inarudi kichwani mwako. Na saa kumi watoto wa mpira wa miguu wanaweka mawe yao mawili katikati wanasema wao walitangulia, walitangulia lini, wao wazawa?

Filimbi_Kavu
Hapo hata sheria haina la kusema.

Danki_la_Mtoni
Turudi kwenye mada, jana kile kiazi kilikuwa na binzari au

Bi_Michenzani
Mie tatizo langu na urojo wa siku hizi unga umezidi, hauna ukwaju wala embe, mtu anakukorogea uji wa manjano anakutilia chipsi juu mradi bakuli lijae. Zamani embe mbichi ulikuwa ukiisikia toka njiani.

Mkoani_Kwetu
Njooni Chake mle urojo

Baharia_77
Kwa boti ile? Ahsante

Mzee_wa_Ribaundi
Embe mbichi haikosekani, wavivu tu wa kuipaa. Na bajia za dengu siku hizi hawasagi wenyewe.

Mwana_Kikwajuni
Jamani usajili???

Bi_Michenzani
@Mzee_wa_Ribaundi umesema kweli, wananunua unga wa pakti. Mama yangu akiroweka toka magharibi.

Jezi_Namba_4
Samahani natoka nje ya mada, jana baada ya mechi nani kachukua mpira wangu, umeandikwa kwa maka ubavuni, ulikuwa chini ya benchi pale penye maji