Kozi na mtihani wa mkanda mweusi: je, aliyeshinda mashindano asamehewe kata?

Mkanda_Kahawia (Tanga)

Wanajudo wenzangu, salaam. Klabu yetu ni ndogo na inafuata judo ya jadi: kata (mbinu zilizopangwa ambazo watu wawili huzifanya kwa mpangilio maalumu) tunaifanya kila wiki pamoja na randori (mazoezi ya kupambana kwa uhuru), na mwalimu wetu hampandishi mtu daraja kwa sababu tu amekaa muda mrefu. Safari hii amenikabidhi maandalizi ya kozi ya siku mbili itakayoongozwa na mwalimu mgeni mwenye dan ya nne (dan ni madaraja ya mkanda mweusi). Alasiri ya siku ya pili mgeni huyo atawatahini wanafunzi wa mikanda ya chini, kisha atawaangalia wanne wetu wenye mkanda wa kahawia ili atoe pendekezo kwa chama cha taifa kuhusu dan ya kwanza.

Jambo linalonisumbua ni hili. Wawili kati ya hao wanne ni vijana waliofanya vizuri sana kwenye mashindano, na wao pamoja na wazazi wao wanaona si haki kutakiwa waonyeshe Nage no Kata, yaani kata ya mbinu za kuangusha. Hoja yao ni kwamba wamekwisha kuwaangusha watu ambao hawakutaka kuangushwa, na kwamba kazi hiyo ni ngumu kuliko kumwangusha mwenza anayejua kinachokuja. Wanauliza pia kwa nini watahiniwe kata-guruma, mbinu ya kumwinua mtu mabegani kwa kumshika paja, ilhali kushika mguu kwenye mashindano kunamletea mtu adhabu. Sipendi kuwajibu kwamba ndiyo utaratibu, kana kwamba utaratibu hauna sababu, na ndiyo maana nimekuja kwenu.

La mwisho: mmoja wa hao wanne ni mlinzi wa usiku, naye zamu yake haitamruhusu kuhudhuria siku ya kwanza. Je, inafaa aje kwenye mtihani peke yake?

Mwalimu_Unguja

Salaam nyingi, ndugu yangu, na hongera kwa kupewa kazi hiyo. Nitaanza na hoja ya vijana, kwa sababu inastahili jibu la maana.

Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, alipoanzisha shule yake ya Kodokan mwaka 1882 katika hekalu la Eishoji jijini Tokyo, wanafunzi walikuwa wachache, na yeye mwenyewe aliweza kumshika kila mmoja katika randori na kumweleza palepale kwa nini ameanguka. Wanafunzi walipokuwa wengi jambo hilo halikuwezekana tena, ndipo mbinu za msingi zikapangwa katika kata ili kila mtu azipate kwa mpangilio uleule. Kwa hiyo waambie vijana kwamba kata ilizaliwa kama njia ya kufundishia. Haikubuniwa iwe pambo la kuonyesha siku ya sherehe, na mtahini anapoitazama anataka kujua ni kitu gani mtu amefundishwa kikamkaa mwilini.

Nage no Kata ina mbinu 15 katika makundi matano ya tatu tatu: za mikono, za nyonga, za miguu, na makundi mawili ya zile ambazo mwangushaji anaanguka pamoja na mwenzake, kwanza chali na kisha kwa ubavu. Kila mbinu hufanywa kulia na kushoto. Hapo ndipo bingwa wa mashindano anapopata shida, kwa kuwa wengi wao wanashinda kwa mbinu moja au mbili za upande mmoja, na upande wa pili haujaguswa tangu walipokuwa na mkanda wa njano. Isitoshe, si kweli kwamba mwenza katika kata anaanguka kwa hiari yake. Yeye ndiye anayeanzisha kila kitu: anasukuma, anasonga, na katika seoi-nage, mbinu ya kutupa kwa bega, anakuja na ngumi ya utosini. Kwenye tsurikomi-goshi, mojawapo ya mbinu za nyonga, anajinyoosha na kukaza mwili ili asiinuliwe, na mwangushaji asiposhuka chini ya mkanda wake hamng'oi.

Mimi ninapotahini hutazama sana mbinu ya kwanza, uki-otoshi. Ndani yake hamna nyonga wala mguu wa kumzuia mtu. Mwangushaji anarudi nyuma kwa hatua za kufuatana, mwenzake anamfuata, na katika hatua ya tatu anarudi zaidi ya ilivyotarajiwa, anatua kwa goti la kushoto na kuvuta mikono yote miwili kwa mkupuo mmoja. Akivuta mapema, mwenzake anasimama tu. Akichelewa, uzito umekwisha kurudi kwenye visigino na hakuna cha kuvuta. Kijana mwenye nguvu atataka kuifidia kwa mabega, na mtahini ataliona jambo hilo papo hapo, hata akiwa ameketi upande wa pili wa tatami, yaani mikeka ya mazoezi.

Kuhusu mlinzi, maoni yangu ni kwamba kwa mikanda ya chini ningemruhusu mtu kuja siku ya pili tu. Kwa anayependekezwa dan ya kwanza ningesita, kwa sababu siku ya kwanza ndiyo mgeni anapomwona akifanya kazi na watoto, akirekebishwa, na akirudia jambo lilelile mbele ya watu. Mwandikieni mgeni mapema mumweleze hali ya kazi yake, na muombe asubuhi ya siku ya pili atengewe muda kabla ya wengine kuanza.

Kocha_Nairobi

Mwalimu, heshima yako. Nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, ila ningependa vijana hawa wasionekane kama watu wanaotafuta njia ya mkato. Kushinda ni sehemu ya jadi ya judo kama ilivyo kata. Kodokan yenyewe ina kohaku shiai, mashindano ya wekundu na weupe yanayofanyika majira ya kuchipua na majira ya kupukutika, ambamo anayemshinda mpinzani wake hubaki uwanjani kumngoja anayefuata, na atakayewashinda wapinzani kadhaa mfululizo kwa kuwaangusha waziwazi hupandishwa daraja siku hiyohiyo. Utaratibu huo huitwa batsugun, na ni wa zamani. Kwa hiyo mzazi anaposema ushindi wa mwanawe uhesabiwe, haombi jambo geni.

Hata hivyo, uhesabiwe mahali pake. Klabu nyingi zinazojali zinautazama ushindi kama uthibitisho wa upande wa randori: kijana aliyeshinda mashindano yanayotambuliwa hana haja ya kupambana tena siku ya mtihani, na muda huo akautumie kwenye kata. Huko huko Kodokan, mtahiniwa wa dan ya kwanza huonyesha makundi matatu ya mwanzo ya Nage no Kata, yaani mbinu tisa, na makundi ya kujiangusha huja katika dan ya pili. Mkiweka kiwango hicho, vijana wataona kwamba hawaombwi mlima. Ni mbinu tisa, pande mbili, pamoja na mwenza waliyemzoea.

Sasa kata-guruma, ambayo ni ya tatu katika hizo tisa, kwa hiyo hawataikwepa. Shirikisho la Judo la Kimataifa lilianza kuzuia mashambulizi ya moja kwa moja ya miguu mwaka 2010, na mwaka 2013 likapiga marufuku kabisa kushika chini ya mkanda kwa wanaopambana wima. Hizo ni kanuni za uwanja wa mashindano, na kanuni za uwanja zimebadilika mara nyingi. Orodha ya Gokyo, yaani orodha ya Kodokan ya mbinu za kuangusha, iliyorekebishwa mwaka 1920, yenye mbinu 40, ina kata-guruma ndani yake, na hakuna aliyeiondoa. Nina sababu nyingine ya kuisisitiza, nayo ni ya kiusalama: tumekwisha kuwa na kizazi cha wachezaji walioanza baada ya 2013 ambao hawajawahi kumwinua mtu mabegani, wala wao kuinuliwa. Wakikutana nayo kwa mara ya kwanza siku ya mtihani, mtu ataumia shingo.

Kwa hiyo tengeni saa nzima ya kozi kwa ajili ya mbinu hiyo. Waanze na kubadilisha mshiko: mkono wa kushoto unaachia nje ya mkono wa nguo ya mwenza na kushika kwa ndani, kisha katika hatua ya tatu mwangushaji anashuka kwa miguu iliyopanuliwa, shingo yake ikigusa ubavu karibu na mkanda wa mwenza, na mkono wa kulia ukizunguka paja. Mara za kwanza wainue hadi kusimama wima na kumshusha mtu taratibu kwa miguu yake, bila kumtupa. Wapangwe kwa uzito unaolingana. Nimeona walimu wakimpa kijana wa kilo 60 mwenza wa kilo 90 ili kumpima moyo, na sioni faida yoyote ya jambo hilo.

Binti_wa_Mwambao (Leicester)

Nawasalimu nyote, na kaka wa Tanga nakushukuru kwa kuuliza. Mimi nafanya judo huku Uingereza katika klabu ya jadi, ya mlolongo ulioanzishwa na Kenshiro Abbe, mwalimu Mjapani aliyefika nchi hii mwaka 1955 na kuunda British Judo Council mwaka 1958. Katika klabu za namna hii kozi na mtihani ni kitu kimoja. Watu hutoka miji mbalimbali, hufundishwa asubuhi na mwalimu asiye wao, na mchana wale walio tayari hutahiniwa. Thamani yake naiona hasa katika kushikana na watu wasiokuzoea. Klabuni kwako kila mtu anajua utaanzia wapi, ila kwenye kozi unapewa mwenza mgeni, na kile ulichokiita mbinu yako kinakataa kutoka.

Ningependa kuongeza jambo ambalo walimu waliotangulia hawajaligusa. Kama ushindi wa mashindano ungekuwa ndio mlango pekee wa mkanda mweusi, wangapi wangebaki nje? Mlinzi wenu wa usiku angebaki nje, kwa sababu zamu haimpi nafasi ya kusafiri kwenda kushindana. Wanawake wa klabu ndogo wangebaki nje, kwani mara nyingi hakuna hata mpinzani mmoja wa uzito wao katika mkoa. Keiko Fukuda, aliyezaliwa mwaka 1913 na ambaye babu yake alikuwa miongoni mwa waliomfundisha Kano jujutsu (sanaa ya kale ya Kijapani ya kupambana), alikaa katika dan ya tano kwa takriban miaka 20 kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa kupanda zaidi, hadi alipopewa dan ya sita mwaka 1972. Hakuwa na medali za kuwaonyesha watahini, kwa kuwa mashindano ya wanawake hayakuwepo. Alichokuwa nacho ni kata, na Ju no Kata, yaani kata ya ulaini, aliionyesha mbele ya ulimwengu kwenye Michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964. Kodokan ilimpa dan ya tisa mwaka 2006. Ninapomsikia mtu akisema kata ni kazi ya wasioweza kupambana, huwa namfikiria mama huyo, na nasikitika kwa dhati.

Kuna jambo la vitendo pia. Wekeni kanuni kwamba kila mtahiniwa aje na mwenza waliyejiandaa pamoja, na kwamba wote wawili watazamwe. Mtu anayeangushwa vizuri, anayeupiga mkono wake chini kwa wakati na kusimama tayari kwa mbinu inayofuata, amejifunza judo kama aliyemwangusha. Vijana wenu wawili washikane wenyewe kwa wenyewe. Kila mmoja atakapolazimika kumpokea mwenzake kwa mbinu tisa, kulia na kushoto, mara kwa mara katika wiki za maandalizi, ile hoja ya kwamba ni rahisi kwa kuwa mwenza anajua kinachokuja itakwisha bila mtu kubishana nao.

Mkanda_Kahawia (Tanga)

Nawashukuru sana, mwalimu, kocha na dada yangu. Nimemsomea mwalimu wetu majibu haya yote, naye amekubali mambo matatu: ushindi wa vijana uhesabiwe badala ya mapambano ya siku ya mtihani, kata iwe makundi matatu ya mwanzo, na mlinzi aangaliwe asubuhi ya siku ya pili iwapo mgeni ataridhia. Nimebaki na maswali mawili. Kwanza, katika uki-goshi, mbinu ya kwanza ya nyonga, tumefundishwa kuanza kushoto, tofauti na mbinu nyingine zote za kata, na mzazi mmoja ameona kwenye video watu wakianza kushoto akadhani wamekosea. Je, sisi tuko sahihi? Pili, watoto watahiniwe siku hiyohiyo pamoja na watu wazima?

Mwalimu_Unguja

Mko sahihi kabisa. Mwenza anakuja na ngumi ya mkono wa kulia, na mwangushaji anaingia chini ya mkono huo kwa nyonga ya kushoto kabla ngumi haijashuka, hivyo kushoto ndiko kunakotangulia. Mzazi aliyeliona hilo ana jicho zuri, mkaribisheni akae karibu na tatami siku ya kozi.

Watoto watahiniwe kwanza, asubuhi, wakiwa bado wana nguvu, na wasikawizwe. Angalieni kuanguka kwao kwa pande zote, mbinu chache za kusimama na za kubana chini, na adabu ya kuinamiana. Kukaba shingo na kutegua viungo kusiwemo kabisa katika mtihani wao. Kabla hawajapanda kwenye tatami, mtu mmoja apite akikagua kucha na usafi wa judogi (nguo ya judo), maana michubuko mingi ya watoto hutokana na kucha.

Msisahau karatasi. Mgeni apelekewe mapema orodha yenye jina la kila mtahiniwa, daraja alilonalo, tarehe aliyolipata na jina la aliyemtahini, na pendekezo la dan liandikwe na kutiwa sahihi siku hiyohiyo kabla mgeni hajaondoka. Dan isiyoandikishwa kwenye chama cha taifa huleta matatizo pindi kijana anapovuka mpaka kwenda kushindana au kusoma, na kuifuatilia sahihi ya mwalimu aliyekwisha kurudi kwao huchukua miezi.