Mjadala: Ronda ya usiku vijijini Indonesia ibaki mabegani mwa wanakijiji, au ni kazi ya polisi?

Mtoa mada

Wakuu, salaam. Septemba 2025, siku chache baada ya maandamano yaliyoishia kwa kuchomwa majengo ya serikali katika miji kadhaa, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Indonesia, Tito Karnavian, aliwaagiza viongozi wa mikoa na wilaya wafufue siskamling. Ndilo jina la ulinzi ambao wakazi wanaufanya wenyewe kwa zamu. Kijijini wanauita ronda tu. Wapo walioshangilia, na wapo waliosema serikali inakwepa wajibu wake. Mimi nimewahi kukesha kwenye hiyo ronda, na msimamo ninao, ila nataka upimwe.

Nilikuwa mwanafunzi Yogyakarta, nikahamia kwa miezi minne kwenye kijiji kimoja cha Gunungkidul, kwenye vilima vya mawe ya chokaa. Mwenye nyumba alinipeleka kwa Pak RT, ambaye ni kama balozi wetu wa nyumba kumi, nikaandikwa zamu ya Alhamisi usiku. Kijumba cha ronda kiko njiapanda: paa, kuta tatu, mkeka, birika la chai, karanga za kuchemsha. Pembeni inaning'inia kentongan, gogo lililochongwa mwanya katikati. Mapigo mawili mawili, mwizi. Matatu matatu, moto. Matano matano, mifugo imeibwa. Maeneo hutofautiana, lakini pale hata mtoto wa darasa la pili alikuwa anayajua.

Saa saba usiku tunaanza kuzunguka. Kando ya kila mlango kimetundikwa kikopo chenye mchele kidogo, kiasi cha kuchotwa kwa ncha za vidole. Huo wanauita jimpitan. Tunaumimina kwenye mfuko, mmoja anatia alama kwenye daftari. Mwisho wa mwezi mchele unauzwa, fedha inanunua balbu za njiani na kusaidia wagonjwa. Zamu yangu ya tatu nilikuta kikopo cha bibi mmoja kitupu, nikataka kupita. Mwenzangu akasimama, akagonga dirisha. Bibi alikuwa na homa, hajainjika chungu tangu juzi yake.

Lakini ronda hiyohiyo ilinionyesha na upande mwingine. Usiku mmoja kijana alionekana anasukuma pikipiki bila taa. Mtu akagonga mawili mawili. Dakika tano hazikuisha, watu kama arobaini wamefika, wengine na mundu. Kijana alikuwa anatetemeka hata jina lake halitoki. Mzee mmoja alimshika mkono, akamwingiza kijumbani, akaketi mlangoni akimpa mgongo na kuwatazama wenzake. Akasema watamgusa baada ya kumwondoa yeye. Petroli ilikuwa imemwishia. Ametoka kumwona mchumba wake kijiji cha jirani. Bila yule mzee, tungeua.

Ndiyo maana nauliza: kazi hii iwe ya nani?

Mchangiaji wa kwanza

Ibaki kwa wanakijiji, tena bila kusitasita. Nimeishi Java ya Kati miaka sita. Mkulima wa kule hana akaunti nono. Akiba yake imefungwa zizini. Wajava mifugo wanaiita rajakaya, na neno lenyewe lina utajiri ndani yake. Ng'ombe mmoja ni ada ya chuo, ni mazishi, ni harusi. Ikikaribia Idi ya Kuchinja bei inapanda, na wezi wanajua hivyo kabla ya mwenye ng'ombe. Wanakuja na gari usiku, na kabla ya alfajiri mnyama yuko wilaya nyingine. Polisi mmoja aliyekabidhiwa kijiji kizima atafanya nini? Wenyewe wana msemo kwamba ukienda kuripoti kuku aliyepotea, utarudi umepoteza na mbuzi. Watu hawakuutunga kwa kupenda.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni mwanasheria, na nasema kinyume. Tukumbuke mfumo huu ulitoka wapi. Vikundi vya majirani viliingizwa na Wajapani walipoikalia nchi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ili kuhesabu watu na kuwachunga. Siskamling ikapewa nguvu na serikali ya Rais Suharto mwanzoni mwa miaka ya 1980, miaka ileile ambayo watu walioitwa wahalifu walikuwa wanapigwa risasi na miili yao kutupwa hadharani. Mauaji hayo wanayaita Petrus.

Kisha mwaka 1998, Banyuwangi, wilaya ya mashariki mwa Java. Waliodaiwa kuwa wachawi waliuawa, zaidi ya 100. Ukavuma uvumi wa watu wenye mavazi meusi, wakaitwa ninja. Kila njiapanda ikawekwa ronda, kila mgeni akasimamishwa. Hata wagonjwa wa akili waliokuwa wanatangatanga tu waliuawa wakidhaniwa ni ninja. Januari 2023 Rais Joko Widodo alitaja Petrus na mauaji ya Banyuwangi kati ya matukio 12 ambayo taifa linakiri kuwa ukiukwaji mkubwa wa haki za binadamu.

Kifungu cha 170 cha kanuni ya adhabu ya zamani kilikataza kushambulia mtu kwa kundi, na mtu angeweza kufungwa hadi miaka mitano na nusu, au hadi 12 aliyeshambuliwa akifa. Kilikuwepo miaka yote hiyo. Mtoa mada, mzee wako alikuwa mmoja na watu walikuwa arobaini. Usijenge usalama wa kijiji juu ya bahati ya kuwa na mzee mmoja jasiri.

Mchangiaji wa tatu

Naongea kama mwanamke niliyeolewa kisiwa cha Lombok. Kule ng'ombe wa kaya nyingi hulazwa kwenye zizi moja la pamoja, na wanaume hulala hapohapo kwa zamu. Linasaidia kweli. Lakini vijijini kwetu watu wengi wako Malaysia wanafanya kazi. Nyumba iliyobaki na mama na watoto inatoaje mtu wa kukesha? Inalipa faini, na mama huyohuyo saa kumi na moja alfajiri anatakiwa shambani kwa mtu kupandikiza mpunga kwa ujira wa siku. Na mwishoni mwa miaka ya 1990 tuliona vikundi vya ulinzi kama Amphibi vikikua hadi vikawa na nguvu kuliko serikali ya kijiji. Vilianza na wezi wa ng'ombe, vikaishia kupigana na vijiji. Naunga mkono zizi. Jeshi la mtaani, hapana.

Mchangiaji wa nne

Mnaongelea ng'ombe na kuku. Mali kubwa ya kijiji ni ardhi, na kentongan haina mapigo ya mwizi wa ardhi.

Wilaya ya Lumajang, Java ya Mashariki, kijiji cha Selok Awar-Awar, tarehe 26 Septemba 2015. Mkulima Salim Kancil alikuwa anapinga uchimbaji haramu wa mchanga ufukweni, uliokuwa unaharibu mashamba ya mpunga. Alitolewa kwake, akateswa katika ukumbi wa kijiji, akauawa. Mkuu wa kijiji chake mwenyewe alihukumiwa miaka 20. Hao ronda wangemgongea nani gogo, ikiwa mwenye ukumbi ndiye mwenye mchimbo?

Na Februari 2022, Wadas, wilaya ya Purworejo, polisi waliingia kwa wingi kulinda wapimaji wa ardhi ya machimbo ya mawe ya kujengea bwawa, wakawakamata wakazi zaidi ya 60. Kwa hiyo ninyi mnaosema tuwaachie polisi, mjue kuna vijiji ambako polisi ndio waliowakosesha watu usingizi.

Wenye mali nyingi sheria inawatumikia haraka. Wilaya ya Banyumas, Java ya Kati, mwaka 2009, bibi mkulima alishtakiwa kwa kuchuma matunda matatu ya kakao kwenye shamba la kampuni. Alihukumiwa mwezi mmoja na nusu, kifungo cha nje. Watu walikasirika nchi nzima, na mwaka 2012 Mahakama ya Juu ikatoa kanuni kwamba wizi wa mali isiyozidi rupia milioni 2.5 uhesabiwe kuwa mdogo. Kabla ya hapo mpaka ulikuwa rupia 250, haujaguswa tangu 1960.

Mtoa mada

Nimesoma yote, na hoja ya Lumajang imenigusa kuliko nyingine. Nakiri kwamba nilipouliza nilikuwa nafikiria mwizi anayetoka nje ya kijiji.

Bado naitetea ronda, kwa sababu hakuna afisa atakayegonga dirisha la bibi mwenye homa saa saba usiku. Ila kazi yake iishie hapa: kuona, kugonga gogo, kumshika mtu na kumkabidhi akiwa mzima. Jina la aliyeshikwa, saa aliyoshikwa na majina ya waliomkabidhi yaandikwe kwenye daftari lilelile la mchele. Kaya ya mama peke yake isitozwe faini; kikopo chake kinatosha. Na amri ya kufufua ronda isitoke wizarani, kwa sababu ronda inayotoka juu huishia kuwachunga wanaopinga walio juu. Ardhi ni kesi ya mahakama na hatimiliki. Tangu 2017 serikali inasajili viwanja kwa mamilioni, na huko ndiko polisi na wanasheria wanakotakiwa.

Mchangiaji wa pili

Hilo la daftari nalikubali. Lakini nijibu moja: akishikwa mtoto wa mkuu wa kijiji, nani ataandika jina lake?

Mtoa mada

Kwenye zamu yetu daftari lilikuwa linalala kila usiku nyumba tofauti. Tulikuwa saba. Ukurasa ukichanwa, sita wangejua ulichanwa kwa nani. Sidai kwamba inatosha kwa Lumajang. Nawaomba mlioishi vijiji vyenye migodi mtuambie ninyi mliwezaje, au kama hamkuweza.