Ramani ya umaskini ya Charles Booth: kipimo au hukumu?

Mleta mada: Wakuu, mwaka 1886 Booth, tajiri wa meli kutoka Liverpool, alianza kuwahesabu maskini wa London kwa fedha zake mwenyewe. Akapata asilimia 30.7. Anasifiwa kama mwanzilishi wa utafiti wa jamii Uingereza, lakini mimi naona ramani yake ni hukumu iliyopakwa rangi. Kila mtaa aliupaka rangi kulingana na hali ya wakazi wake, na mitaa iliyopakwa nyeusi aliiandikia kuwa ni ya watu wa chini kabisa, waovu, nusu wahalifu. Hicho ni kipimo gani?

Karani wa Hesabu: Umeanzia mwisho, mkuu. Hao wa mitaa iliyopakwa nyeusi ni daraja A, asilimia 0.9 tu. Madaraja yalikuwa manane, A (chini kabisa) hadi H (juu kabisa), na mstari wa umaskini ulipita kati ya D na E. Familia ya wastani yenye shilingi 18 hadi 21 kwa wiki iliitwa maskini (C na D). Iliyopungukiwa sana na hapo, maskini hohehahe (A na B).

Mpima Mitaa: Shida iko kwenye ukusanyaji. Taarifa alizipata kutoka kwa maofisa wa bodi ya shule, wale waliofuatilia mahudhurio ya watoto. Waliijua vizuri familia yenye mtoto wa umri wa shule. Wazee na wapangaji wasio na watoto je? Walidhaniwa wanaishi sawa na majirani. Tena ofisa alijua kazi ya baba na hali ya nyumba, mshahara mara nyingi akakisia. Ndiyo maana mtafiti mwingine, Rowntree, alipoupima umaskini wa mji wa York mwaka 1899, alianza na bei ya chakula cha kumtosha mtu, akaongeza kodi ya nyumba, nguo na makaa: shilingi 21 na peni 8 kwa baba, mama na watoto watatu.

Karani wa Hesabu: Kweli, Rowntree alikaza uzi. Ila Booth alivunja imani kubwa zaidi. Wakati wafadhili wakilaumu pombe na uvivu, yeye alichambua familia kama 4,000: kwa C na D, asilimia 68 ya umaskini ilitokana na ajira (kibarua cha leo kipo kesho hakipo, ujira mdogo), na tabia 13 tu. Mwaka 1891 akapendekeza pensheni ya shilingi 5 kwa wiki kwa kila aliyefika miaka 65, bila kuulizwa kipato. Sheria ya 1908 ilitoa hizo shilingi 5, lakini kuanzia miaka 70, na wenye kipato zaidi ya kiwango wakaachwa nje.

Mleta mada: Pensheni nampa. Sasa nijibuni kuhusu daraja B, asilimia 7.5. Hao alitaka wahamishiwe makambi ya kazi chini ya serikali, wasiendelee kuwashushia ujira C na D. Na hesabu zake mwenyewe kwa A na B zinasema ajira 55, tabia 14. Kama tatizo ni kazi, kwa nini anayehamishwa ni mtu?