Mradi wa mwisho: maonyesho ya Tingatinga yamenivuruga, naombeni ushauri

Mwanachuo wa Rangi: Wakuu, ninasoma sanaa mwaka wa mwisho, na mradi wangu ulioidhinishwa ni wa uchongaji. Tangu nitembelee maonyesho ya michoro ya mtindo wa Tingatinga hapa Dar es Salaam sina hamu tena na patasi. Natamani kuchora kunguru na paka wa Kariakoo kwa rangi zinazong'aa juu ya hadibodi. Je, nibadilishe mradi?

Mama Chuma: Mwanangu, anayekulipia ada ameambiwa? Maliza kwanza ulichokianza.

Fundi Brashi: Mjomba wangu alinianzisha kwa kupaka usuli tu, yaani rangi ya nyuma ya mchoro, kwa sababu rangi ya mafuta isipokauka vizuri, madoa ya chui huchuruzika. Wakati ule tulikuwa tukiwauzia watalii pale Msasani, na biashara ilikuwa nzuri.

Kijiti: Mdogo wangu, umeshaanza kuchora au bado?

Mwanachuo wa Rangi: Nimeshaanza, ingawa msimamizi hajui. Mpangilio wa ndege nimeutoa kwenye mchoro mmoja nilioupiga picha kwa simu ukumbini, lakini mafundi wa Tingatinga wenyewe hurudia michoro ileile, kwa hiyo sioni kosa.

Kijiti: Kumbe swali lako halikuwa la kubadilisha mradi. Edward Saidi Tingatinga, mwasisi wa mtindo huu, aliyeanza kuchora mwaka 1968, aliwafundisha jamaa zake kama January Linda na Simon Mpata wakiwa wamekaa naye. Wewe umefundishwa na simu.

Mzee Kanzu: Kunguru wakijiona kwenye hadibodi watadai hakimiliki.

Shahidi: Mchoro huo ni wa nani?

Mwanachuo wa Rangi: Wa Tingatinga mwenyewe, wa mwaka 1975.

Shahidi: Tingatinga alifariki mwaka 1972. Ndugu zangu, hakuna maonyesho wala mradi hapa. Huyu anatafuta watu wa kumwandikia insha.

Mwanachuo wa Rangi: Jina lake lilikuwa ukutani kwa herufi kubwa, na kibandiko cha chini sikukisoma chote. Maonyesho nilikwenda.

Kijiti: Basi huenda mchoraji yu hai na anaweza kuitambua kazi yake. Mweleze msimamizi kabla hajaambiwa na mwingine.

Fundi Brashi: Namwamini kijana, maana mwongo angekwenda kutafuta mwaka kwanza. Paka usuli upya, kisha kaa sokoni na penseli uwatazame kunguru wako mwenyewe wanavyogombania mabaki.

Mwanachuo wa Rangi: Nitamwona msimamizi, ila usuli siurudii, nimeshaweka sahihi yangu.