Anwani ya IP tu imetosha kuniita mwizi, na ushahidi hawataki kunionyesha

Wadau, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Juzi asubuhi nafungua baruapepe nakuta onyo kutoka kampuni inayoniletea intaneti nyumbani. Ukiukaji wa hakimiliki, ndivyo walivyoandika juu kabisa. Wanadai laini yangu imetumika kupakua na kusambaza filamu kwa torenti (njia ya watu kugawana mafaili wao kwa wao mtandaoni), kwamba hili ni onyo la pili (la kwanza sijawahi kuliona), na likifika la tatu wananikatia huduma. Ushahidi wote ni mstari mmoja: anwani ya IP (namba inayoitambulisha laini mtandaoni), jina la faili, tarehe na saa. Hiyo filamu siijui hata kwa kusimuliwa.

Saa waliyoandika ni 20:47. Ya wapi? Hawajasema. Kama ni saa ya kimataifa ya UTC, au ya huko iliko mashine iliyorekodi, au ya hapa kwangu, nibahatishe mwenyewe. Na anwani yangu si ya kudumu. Mtandao ukikatika ukarudi napewa nyingine, ile ya zamani anapewa mteja mwingine. Nikaingia kwenye ruta, nikafungua kumbukumbu za siku ile, nikazisoma mstari kwa mstari. Mtandao ulikatika 21:06, ukarudi 21:09 na anwani mpya. Anwani iliyo kwenye onyo ni hiyo mpya! Saa 20:47 kwa saa ya hapa nyumbani ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine kabisa. Kama wanamaanisha saa nyingine, waandike ni ipi, nami nitajibu kwa hiyo.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Dakika arobaini nasikiliza muziki. Kijana aliyepokea alikuwa mpole na simlaumu yeye.

"Kaka, nani ameniona nikipakua?"
"Dada, mfumo ndio umeonyesha."
"Umeniona mimi au umeona namba?"
"Umeona laini yako, dada."
"Laini hii tunaitumia watu wanne, na wageni wakija wanaunganisha."
"Mwenye laini ndiye anayewajibika."

Nikaomba nakala ya ushahidi. Ni mali ya kampuni nyingine, hawezi kunipa. Nikasema sawa, basi niambieni ninyi wenyewe mmehifadhi nini kunihusu, na kwa muda gani. Akaenda kuuliza, akarudi: "Hiyo ni siri ya kampuni, dada." Siri ya kampuni! Mambo ya nyumbani kwangu, tovuti ninazofungua na saa ninazozifungua, leo ni siri ambayo mimi sipaswi kuijua.

Kwa ambao hawajui hawa wawindaji, yaani kampuni zinazorekodi anwani za wanaopakua, wanafanyaje kazi: torenti haina ghala moja. Faili inakatwa vipande vipande, kila anayepakua anawagawia wenzake hapo hapo, na ili wagawane lazima kila mmoja aone anwani za wengine. Kampuni za kuwinda zinajiunga kwenye kundi kama mtu mwingine yeyote, zinazoa anwani zote zilizo kwenye orodha, kisha zinamwaga maonyo kwa maelfu. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba baadhi ya wawindaji hawakuwa wakihakikisha hata kama kuna data iliyopita, walisoma orodha tu. Watafiti wale wakaweza kuziingiza anwani za printa zao kwenye orodha, na printa zikaandikiwa maonyo ya wizi. Printa, mashine ya kuchapa karatasi! Na kwenye mitandao ya simu hali ni mbaya zaidi, maana anwani moja hutumiwa na wateja wengi kwa wakati mmoja.

Hili si jipya. Kati ya 2003 na 2008 kampuni za muziki za Marekani ziliwafungulia watu zaidi ya 30,000 mashauri kwa kuanzia na anwani kama hizi, na kati ya walioshtakiwa alikuwemo bibi aliyekwisha kufariki. Wengi walilipa ili yaishe, kwa sababu wakili ni ghali kuliko kulipa. Ndiyo biashara yenyewe: tisha wengi, wachache ndio watakaobisha.

Sitaki mtu aje kuniambia natetea wizi. Mimi ni mpiga picha. Picha zangu zimechukuliwa mara nyingi, jina langu limefutwa pembeni, zikauza bidhaa za watu ambao hawajanilipa hata senti. Najua uchungu wake. Lakini nikimfuata aliyeiba picha yangu nadaiwa faili la asili, uthibitisho na kiapo, na mwisho wa siku najibiwa kwamba hawaoni kosa. Kampuni kubwa ikilalamika, mstari mmoja unatosha. Hapo ndipo damu inaponichemka.

Na anayeumia mara nyingi ni yule anayenunua kihalali. Mwaka 2005 Sony BMG waliuza CD za muziki ambazo ukiziweka kwenye kompyuta zinapandikiza programu ya siri inayojificha ndani kabisa ya mfumo, eti kuzuia kunakili. Wahalifu wengine wakagundua maficho yale na kuweka virusi vyao humo humo. Aliyepakua nyimbo zile kwa wizi hakuguswa, aliyetoa hela yake dukani ndiye aliyeharibiwa kompyuta. CD zilirudishwa baada ya kelele nyingi na kesi.

Kumkatia mtu intaneti bila hakimu nako kulishajaribiwa. Ufaransa walitunga sheria hiyo mwaka 2009: maonyo, kisha unakatiwa na ofisi ya serikali. Baraza lao la Katiba likakataa mwaka huo huo, likasema mamlaka hayo hayawezi kuachiwa ofisi, ni ya mahakama, na kwamba mtu hana hatia mpaka ithibitishwe. Adhabu yenyewe ya kukatiwa ikafutwa 2013. Sasa niambieni, kama ofisi ya serikali ilinyimwa mamlaka hayo, kampuni ninayoilipa kila mwezi imeyapata wapi kunihukumu kwa baruapepe?

Italia nako, tangu 2024 wana mfumo wa kuzuia matangazo ya mpira yanayoibwa mtandaoni, unaotaka anwani ikilalamikiwa izibwe ndani ya dakika 30, hakuna hakimu anayeisoma kwanza. Oktoba mwaka huo huo wakaifungia Google Drive. Watu wasio na habari na mpira wa kuibwa wakashindwa kufikia mafaili yao ya kazi. Ugonjwa ni ule ule, namba inahukumiwa kabla ya mtu.

Kinachoniuma zaidi ni zile kumbukumbu ambazo kampuni inatunza kunihusu. Umoja wa Ulaya uliwahi kuamuru mwaka 2006 kampuni zitunze taarifa za mawasiliano ya kila mteja kwa miezi 6 hadi 24, sababu ikiwa ugaidi na uhalifu mkubwa. Mahakama ya Haki ya Umoja huo ikaitupa amri hiyo Aprili 2014. Aprili 2024 mahakama hiyo hiyo ikaruhusu, kwa masharti, jina la mwenye anwani ya IP litafutwe hata kwa kosa la hakimiliki. Tumetoka kwenye mabomu tumefika kwenye filamu.

"Kama huna la kuficha unaogopa nini?" Nimeshaulizwa mara mbili tangu juzi. Nitajibu. Katika kumbukumbu hizo hizo za laini yangu upo usiku niliokesha nikisoma kuhusu uvimbe, kabla sijamwambia hata mama. Sikuua mtu. Ila sikutaka mtu ajue, na nilikuwa na haki hiyo. Na mnaosema nitumie VPN (huduma inayopitisha mtandao wako kwa kampuni nyingine ili anwani yako isionekane) yaishe, nitaitumia, lakini hapo nimehamisha tu macho kutoka kampuni moja kwenda nyingine, na nyingi za bure zinaishi kwa kuuza taarifa za watu.

Jana nimewaandikia barua rasmi. Nataka wataje saa ni ya wapi, waniletee onyo la kwanza wanalodai walinitumia, waseme nani amerekodi, na wanitolee kila walichotunza kwa jina langu. Nimeambatisha picha ya ile kumbukumbu ya ruta inayoonyesha 21:06 na 21:09. Nimewapa siku 14.

Aliyewahi kufikishwa onyo la tatu, naomba aseme: walikukata kweli? Uliwajibu kwa maandishi au kwa simu? Kuna aliyefanikiwa kuonyeshwa ushahidi wenyewe? Majibu yao yakija nayabandika hapa hapa, neno kwa neno.