Mnaziua wenyewe meza za madau makubwa, kisha mnalalamika kwamba hakuna wa kucheza naye

Ndugu wanajukwaa, nimevumilia vya kutosha na leo nasema. Kuchagua mpinzani ni nusu ya kazi ya mtu anayecheza poka ya fedha taslimu mtandaoni, na sina ugomvi na yeyote anayekataa kukaa kwenye meza asiyoiweza. Ugomvi wangu ni na wale waliogeuza jambo hilo kuwa uviziaji wa wazi, kiasi kwamba kwenye madau makubwa siku hizi mchezo hauanzi mpaka aonekane mtu wa kuliwa, na akishaliwa, mchezo unakufa papo hapo.

Mnajua ninachokisema. Meza ni ya watu sita, madau ya lazima, yale yanayowekwa kabla karata hazijagawiwa, ni dola 100 na 200. Anaingia mtu na dola 8,000 ilhali wengine wote wamekaa na 20,000 au zaidi, anafuata kila dau mradi karata zake mbili ni za alama moja, tuseme kopa zote, na mara nyingine anazionyesha hata asipodaiwa kuzionyesha. Orodha ya wanaosubiri inajaa kabla hajamaliza mzunguko wa kwanza. Kiti cha kushoto kwake, ambacho kila mmoja anakitamani kwa sababu anayekaa hapo huamua akiwa ameshaona mwenzake kaamua nini, kinanyakuliwa kwa kasi ambayo kidole cha binadamu hakina. Hiyo ni programu inayokesha kwa niaba ya mtu aliyelala. Kisha yule bwana anaishiwa, anaondoka, na kabla ya mgao unaofuata watano waliobaki wameshabonyeza kitufe cha kupumzika.

Mnadhani haoni? Mtu mwenye fedha za kuchezea madau hayo kwa kawaida ana shughuli zake na akili zake timamu. Alichokosa ni muda wa kujifunza poka. Akirudi kuchungulia na kukuta meza tupu, anaelewa kwamba hakuna aliyekuja kucheza, watu walikuja kumchuna. Na wapo wenye ujinga zaidi, wanaomcheka kwenye maandishi ya mezani kwa jinsi alivyofuata dau, kana kwamba kumfundisha makosa yake au kumfukuza kutawaongezea kitu mfukoni.

Watakuja hapa pia wale wa kusema kwamba mchezaji wa kweli hamkimbii mtu. Nao wakae kimya kidogo. Mwaka 2009 Viktor Blom wa Uswidi, akijulikana wakati huo kwa jina la Isildur1 tu, aliwapokea wakali wa Full Tilt Poker, chumba cha poka cha mtandaoni, mara nyingine kwenye meza kadhaa kwa wakati mmoja, na Desemba mwaka huo alipoteza takriban dola milioni 4.2 kwa siku moja mbele ya Brian Hastings. Baadaye ikajulikana kwamba Hastings alikuwa amechambua mchezo wa Blom pamoja na wenzake wawili, Brian Townsend na Cole South, kwa kutumia kumbukumbu za migao mingi waliyokusanya. Blom aliona jina moja kwenye skrini, ila kazi iliyokuwa nyuma ya jina hilo ilikuwa ya watu watatu. Na tangu Januari 2017, programu ya kucheza poka ya Libratus ilipowashinda wataalamu wanne wa mchezo wa wawili katika migao 120,000, hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kwamba jina jipya lililokaa peke yake likisubiri mtu ni la binadamu. Kwa hiyo kukataa si woga hata kidogo.

Lakini kukataa huko kuwe na msingi. Wengi wenu mnachagua kwa kuangalia nani alishinda wiki iliyopita, jambo ambalo halina maana yoyote: mchezaji mzuri anayepata faida ya wastani wa mara 4 ya lile dau la lazima lililo kubwa kwa kila migao 100 anaweza kucheza migao 10,000 na kuimaliza akiwa na hasara, na isiwe ajabu. Angalieni anaingia kwenye migao mingapi, anapandisha dau au anafuata tu, anakunja karata na kujitoa lini akibanwa, na anabadilika vipi akishapoteza kiasi kikubwa. Hayo huonekana mapema kuliko matokeo.

Tena kuna hesabu ambayo wavizia viti hamtaki kuifanya. Makato ya meza, yaani sehemu ambayo chumba hujichukulia kwenye chungu, fedha zote zilizowekwa katika mgao mmoja, huwa na ukomo kwa kila chungu, kwa hiyo kwenye madau makubwa makato hayo ni sehemu ndogo sana ya fedha zinazozunguka, tofauti kabisa na madau ya chini ambako yanamla hata anayeshinda. Maana yake ni kwamba kucheza mizunguko michache na watu wa kiwango chako, mkisubiri meza ijae au mkimpa aliyeondoka nafasi ya kurudi, kunakugharimu kidogo mno. Hamshindwi kulipa. Mnamtegea mwenzenu aanzishe meza, muingie ikishanona.

Na wasimamizi wa vyumba hivi, ambao wanazo kumbukumbu za kila kiti na kila sekunde, wasijifanye hawayaoni. Anayepumzika mara tu mpinzani dhaifu anapoondoka apoteze kiti, na asiruhusiwe kukaa kwenye meza nyingine ya dau hilo mpaka muda fulani upite. Kwenye meza za watu wawili, anayesubiri akijiwa na mtu acheze naye idadi ya migao iliyowekwa au ampishe. Programu za kunyakua viti zifungiwe pamoja na akaunti zinazozitumia. Kama kuna msimamizi anayesoma uzi huu, nataka ajibu hapa hapa: ni kipi kati ya hivyo kinawashinda?